Osea na Mdogo Wake Yurea

Osea Nzunda wa Itaka ni mtu wa kuamini. Sisemi imani ya kanisani, ingawa hiyo nayo anayo, na sauti yake nzito katika kwaya ya Moraviani imewahi kuangusha panya wawili kutoka darini katikati ya wimbo. Nasema kuamini jambo lolote lililotamkwa na mtu ambaye hakucheka alipolitamka. Mimi niliolewa na kaka yake, sasa marehemu, na ua wetu umekuwa mmoja tangu binti yake Tumpale hajazaliwa. Kwa hiyo najua ugonjwa huo aliupatia wapi.

Aliupatia relini. Alipokuwa kijana wa miaka kumi na saba, Wachina waliokuwa wakijenga reli ya Uhuru walimchukua kubeba mataruma ya kulazia reli. Siku moja wakamwambia treni itapita ndani ya mlima, iingie upande huu na kutokea upande ule. Osea alicheka mpaka akaangusha taruma. Akasema ikipita hivyo, yeye ataibeba mgongoni mpaka Tunduma. Wachina hawakucheka, walichimba tu. Treni ikapita. Wenzake wakamfuata kambi nzima wakimwambia, "Haya, Osea, inama upakie." Tangu siku hiyo aliapa kwamba mtu akisema jambo naye hacheki, basi jambo hilo lipo.

Mtu wa namna hiyo hafai kuwa na redio, lakini anayo. Ameifunga kamba ya mpira wa baiskeli, huivaa shingoni akipogoa kahawa, na betri zikichoka huzianika juu ya bati pamoja na maharage. Redio haicheki. Nadhani ndiyo maana anaipenda kuliko sisi.

Mwaka jana, mwezi wa sita, redio ikashika neno moja asubuhi, mchana na jioni: kurutubisha. Nchi moja ya mbali inarutubisha urani. Nchi nyingine zinasema iache kurutubisha. Ndege zimekwenda kupiga mabomu mahali pa kurutubishia. Siku hiyo Osea alitoka shambani mbio, redio ikimgonga kifua.

"Shemeji, umesikia? Wamefika asilimia sitini!"

"Nani kafika wapi?"

"Hao wakubwa. Wanarutubisha urani, wengine wanaiita yureniamu. Sasa fikiri. Yurea yetu ile ya mfuko imeandikwa arobaini na sita, na mahindi yanapanda mpaka unamwona jirani kwa shida. Hii ni sitini! Yurea, yureniamu. Hawa ni mtu na mdogo wake. Mbolea ya namna hiyo nani asingeipigania?"

Mke wake Ketrina alikuwa anatwanga mahindi. Akasimamisha mchi. "Na mabomu wanampiga nani?"

"Wanapiga vinu."

"Vinu?"

"Redio imesema hivyo. Vinu vitatu vimeharibiwa vibaya."

Ketrina alikitazama kinu chake, akatazama juu. Siku hiyo hakumaliza kutwanga. Alikiingiza ndani, akakisukuma chini ya kitanda na kukifunika gunia. Hapo mnasema natia chumvi. Nendeni mkakitazame, ukingoni bado kina mkwaruzo wa chaga.

Basi Osea akanikalia mbele na kuniuliza, kwa sababu nimetoka Ileje, na ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, watu husema kuna mgodi wa urani. "Shemeji, wewe umekulia kule. Mashamba yao yakoje?"

Ningesema sijui. Lakini ulimi wangu ukiwashwa haukunwi kwa kidole.

"Ah, shemeji," nikamwambia, na uso nikaukaza kama wa mchungaji kwenye msiba, "mjomba wangu alipanda muhogo mmoja pale kando ya mto. Ukanenepa, ukapita chini ya maji, ukatokea Malawi. Huku sisi tunachimba, kule wao wanachimba. Ikabidi maofisa wa forodha washuke na kuugonga mhuri katikati, kila nchi ile upande wake."

Osea aliitikia kwa kichwa, polepole. Niliingia ndani nikacheka peke yangu kwenye mto wa kitanda, nikasahau.

Yeye hakusahau. Alilitafuna neno hilo miezi mitano.

Mwezi wa kumi na moja mvua zikaanza na mbolea ilikuwa haijafika dukani kwetu. Osea akaenda Tunduma na debe la maharage kutafuta. Haya ya Tunduma alinisimulia mwenyewe baadaye, tena kwa machozi, kwa hiyo sikuyaongeza. Foleni ya malori ilikuwa imefika Mpemba. Lori moja lililokuwa likielekea Zambia lilikuwa limechanika mfuko, na unga umemwagika barabarani, wa njano, njano ya ua la boga. Osea akasimama. Redio ilikuwa imeshasema kwamba urani ikitoka mgodini hukaushwa ikawa unga wa njano. Kijana wa Kizambia, mpakizi wa mizigo, alikuwa anaufagia.

"Mwanangu," Osea akamwuliza, "hii ndiyo urani?"

Yule kijana alikuwa na jua kichwani na ufagio mkononi. Angekubali hata kama angeulizwa kama ni unga wa ugali wa malaika. "Eya mukwai, bashikulu," akajibu kwa lugha ya kwao, ndiyo babu. "Ndiyo hiyo hiyo."

Hakucheka.

Osea alimwachia debe la maharage, akarudi Itaka na kiroba kimejaa. Hakutuambia. Alitaka kutushangaza wakati wa mavuno. Alfajiri alinyunyiza nusu kwenye maboga nyuma ya jiko, na nusu kwenye miti kumi na miwili ya kahawa iliyo karibu na kaburi la mume wangu. Ile miti mume wangu aliipanda mwaka tuliooana.

Mwezi wa kwanza Tumpale akaja. Mume wake analima mpunga Kamsamba, na kule joto ni la kuchemsha yai mfukoni. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Mbili za kwanza zilitoka kabla ya kufika hapo. Nesi wa Kamsamba alimwambia aende kwao penye baridi, apumzike, ale mboga za majani.

Akala. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri na majani ya maboga yalikuwa kama masikio ya tembo. Osea aliyatazama akitabasamu kama mtu mwenye siri. Ketrina aliyapika kwa karanga, mchana na jioni, wiki mbili nzima, na Osea mwenyewe akimsukumia binti yake bakuli: "Kula, mama, kula. Hii mboga si ya kawaida."

Aliyeifichua siri ni mwalimu Luka wa sekondari. Alikuwa anapita na baiskeli, akasimama kusifu maboga. Osea akashindwa kuvumilia.

"Mwalimu, nikuambie? Hiyo ni urani."

"Nini?"

"Urani. Ile inayorutubishwa. Nimeipata Tunduma."

Akamletea kiroba, kiganja kimoja kilikuwa kimebaki. Mwalimu alitazama ule unga wa njano, akaachia baiskeli ikaanguka na madaftari yote. Mtu mzima, amevaa tai, akarudi kinyumenyume mpaka kwenye ua wa matete.

"Mzee Osea, weka chini. Weka chini taratibu. Kunawa, umenawa?"

"Kwani ina nini?"

"Ile si mbolea! Kurutubisha urani si kutia rutuba. Ni maneno tu ya kitaalamu. Wanaikusanya nguvu yake ili iwashe umeme, au iwe bomu. Ina mionzi. Mionzi haionekani, hainusiki, inaingia mwilini kimya. Kuna aliyekula mboga hizo?"

Tumpale alikuwa mlangoni, bakuli mkononi. Bakuli lenyewe lilijibu.

Jumapili ile baada ya ibada ua wetu ulijaa, ila watu walikaa upande wa barabara, mbali na jiko. Kasiani naye alikuja. Kasiani alikaa jeshini miaka tisa na husema siku zote kama mtu aliyeachiwa siri ya taifa.

"Nisikilizeni," akasema. "Mimi nimekuwa mwanajeshi."

"Ulikuwa mpishi," Ketrina akamwambia.

"Mpishi wa jeshi husikia mengi kuliko jenerali. Kule Japani lilidondoshwa bomu moja la kitu hicho. Moja. Mji ukaondoka. Watu wakabaki vivuli ukutani, mtu hayupo, kivuli kipo. Na wanawake waliopona walizaa watoto ambao hawakutamkika."

Tumpale alikuwa ndani, lakini kuta zetu ni za tofali moja. Nikamkanyaga Kasiani mguu. Akauondoa, akaendelea.

Mwalimu Luka akasimama. "Mzee Kasiani, hilo ni bomu. Tusichanganye. Kitu hicho hicho kinawasha taa za nchi nzima huko kwa wenzetu. Sisi umeme ukikatika tunasahihisha mitihani kwa tochi ya simu. Urani ipo hapa hapa Tanzania, kule Namtumbo. Tukijifunza kuitumia, kosa liko wapi? Hata hospitali wanatibu saratani kwa mionzi. Mama yake Barnaba si alipelekwa Dar es Salaam?"

"Akarudi hana nywele."

"Lakini akarudi! Kisu hukata nyama, na hukata mtu. Tutaacha kula nyama?"

"Kisu kikinidondoka nakiokota," Kasiani akasema. "Hicho kikimdondoka mtu, ataokota nani? Wewe na tai yako?"

Watu wakacheka kidogo, wakagawanyika. Wengine wakasema taa, wengine wakasema bomu. Mmoja akauliza kama kahawa ya Itaka bado itanunuliwa, mwingine akasema pale Tunduma hata mchele haupiti mpaka upimwe mionzi, sasa sisi je. Kelele ikapanda. Osea alikaa kwenye kigoda chake katikati, kofia magotini, akigeuza uso kwa kila anayesema, na wote aliwaamini, maana hakuna aliyekuwa anacheka.

Ketrina akapiga sufuria kwa mwiko. "Nyie mnabishana taa na mabomu. Mimi nauliza mboga. Binti yangu amekula mboga wiki mbili. Nani kati yenu ana jibu la mboga?"

Mwalimu akatazama viatu vyake, akasema kwenye ofisi inayopima mionzi pale mpakani anamfahamu mtaalamu mmoja, atampigia simu. Akapiga. Mtaalamu akasema msiguse kitu, nakuja. Lakini mvua ilikuwa imekata barabara, na gari halikuweza kupita siku tatu.

Siku hizo tatu sitaki kuzirudia, ila nitazisema.

Siku ya kwanza Osea alichukua jembe. Aliambiwa asiguse, lakini mwambie baba aliyemlisha mwanawe kwa mkono wake asiguse. Aling'oa maboga yote. Kisha akaenda kwenye kahawa. Nilisikia jembe likigonga mzizi, nikatoka. Miti kumi na miwili. Mizizi ya miaka hamsini hailii kidogo, inakatika kwa mlio wa mfupa. Nilitaka kumzuia nikaacha, maana kama ule unga ni sumu kweli, basi ameulaza juu ya mume wangu. Alirundika miti na udongo, akafunika turubai, akazungushia miiba. Kuku aliyesogea alifukuzwa kama mwizi.

Siku ya pili Tumpale aliacha kula. Si mboga tu, kila kitu. Alikuwa anajitazama mikono, anajivuta nywele kidogo kidogo kuona kama zinatoka. Nikamletea uji.

"Bibi," akaniambia. Huniita bibi tangu nimepata wajukuu. "Umeupikia maji gani?"

"Ya mvua, mama. Yametoka mbinguni moja kwa moja."

"Na mbinguni nako siku hizi wanapitisha mabomu."

Nikauonja mbele yake, nikaumaliza nusu. Akanywa vijiko vitatu.

Siku ya tatu asubuhi aliniita taratibu, Ketrina asisikie. Alikuwa amelala ubavu, mkono tumboni.

"Tangu jana jioni hajacheza."

Nikaweka mkono. Nimezaa saba, nimewapokea watoto wa wenzangu nisiowahesabu. Niliweka mkono, nikasubiri, na chini ya kiganja hapakuwa na kitu. Nikamwambia amelala, watoto hulala. Nikasema bila kucheka. Kisha nikatoka kumtafuta Osea.

Alikuwa kando ya turubai, redio shingoni lakini imezimwa. Sijawahi kuiona imezimwa.

"Shemeji," nikamwambia, "yule muhogo."

"Muhogo upi?"

"Wa mjomba wangu. Uliopita chini ya mto. Hakukuwa na muhogo."

Akanitazama. "Ulikuwa uongo?"

"Uongo."

"Na kule Malawi kuuchimba?"

"Uongo wote."

"Na mhuri wa forodha?"

"Hata mhuri."

Akakaa chini kwenye udongo. "Shemeji," akasema, "mhuri ndio ulionifanya niamini. Nilijiuliza, nani angetunga mhuri?" Akashika kamba ya redio. "Basi nimemwaga sumu kwa ajili ya muhogo ambao haupo. Usiniambie tena kitu, shemeji. Kiwe kizuri, kiwe kibaya. Usiniambie."

Kosa langu nimelikiri kanisani, na nalikiri hapa. Fortunata mjukuu wangu, anayeandika haya, alitaka kuliruka. Nimemwambia aandike.

Mchana gari likafika. Mtaalamu mwenyewe alikuwa binti mdogo, jina lake Brenda, amevaa buti za mpira na amebeba sanduku la njano. Mimi nilitarajia mzungu mwenye ndevu.

"Shikamooni," akasema. Akafungua sanduku, akatoa kifaa kama redio ya Osea ila kina mdomo. Akakiwasha. Kikalia: tik. Tik, tik.

Watu walikimbia. Wa kwanza kufika barabarani alikuwa Kasiani, mwanajeshi.

Brenda akaangua kicheko, akajishika mbavu. "Rudini, rudini! Hapa nimepima jiwe lenu la mlangoni. Mionzi kidogo ipo kila mahali, wazee wangu. Kwenye mawe, kwenye udongo, hata kwenye ndizi. Suala si kama ipo. Suala ni kiasi."

Akapima jiwe, akaandika. Akaenda kwenye turubai, akapima udongo, mizizi, kile kiganja cha unga kilichobaki. Sisi tukimfuata kwa masikio. Tik. Tik, tik. Kama pale mlangoni. Akanipima mimi, tik, tik, nikamwuliza kama na mimi ni jiwe. Akampima Tumpale tumboni.

"Mtoto anaonekana?" Ketrina akauliza.

"Hapana, mama. Hiki hakioni mtoto, kinaona mionzi tu. Na hapa hakuna zaidi ya ile ya jiwe lenu."

Kisha akachukua ule unga kidogo, akaunusa, akatabasamu. Akauweka kwenye kipande cha bati, akauwasha kiberiti. Ukayeyuka, ukawaka moto wa buluu, na harufu yake ikatukaba koo sote.

"Salfa!" akasema, na kucheka tena. "Jamani, ni salfa. Malori yanaipeleka kwenye migodi ya shaba kila siku. Kule Mtwara wakulima wa korosho wanapulizia miti yao dhidi ya ukungu. Mzee, umeogopesha wilaya nzima kwa dawa ya korosho!"

Osea akauliza polepole, "Kwa hiyo inafaa kwa mimea?"

"Kwa korosho, mzee. Maboga hayakuiomba. Na kahawa hiyo hukuwa na haja ya kuing'oa." Akageuka kwa Tumpale, hapo hakucheka tena. "Wewe dada, mboga hazikukudhuru. Kinachokudhuru ni kutokula siku mbili. Twende zahanati na gari langu, sasa hivi."

Kule zahanati nesi Tabita aliweka kile kibomba chake tumboni, akasikiliza, akahama, akasikiliza. Nilihesabu pumzi zangu. Akasema moyo wa mtoto unapiga, ni mchovu tu kama mama yake. Wakampa chai ya maziwa yenye sukari nyingi. Nusu saa baadaye mtoto alimpiga teke kikombe kikayumba.

Mngedhani yameisha. Kwa sisi wengine yaliisha. Lakini jioni ile Kasiani alikuja akakaa karibu na Osea, akasema kwa ile sauti yake ya siri: "Ulitegemea angesema? Hawa wameagizwa. Kitu cha namna hiyo hakitangazwi, watu wangekimbia mkoa mzima."

Naye hakucheka.

Na Brenda alikuwa amecheka. Mnaona? Binti wa watu, amesoma, amekuja na kifaa, amepima, amesema kweli tupu, lakini aliisema huku ameshika mbavu. Osea aliyapima maneno hayo mawili kwa mizani yake ya zamani, na ya Kasiani yakawa mazito. Ile turubai hakuifunua. Wiki tano nzima alikuwa akiamka na kumtazama binti yake usoni, akimpikia viazi alivyovichimba mwenyewe shamba la mbali, asimguse. Kwaya hakwenda. Redio ilipotaja urani aliishusha sauti, akaisogeza sikioni ili ubaya wote auchukue yeye, usimfikie Tumpale. Nikimsogelea kusema neno, ananiinulia mkono. "Shemeji, tulikubaliana."

Uchungu ulimpata Tumpale siku ya Alhamisi, baada ya chai ya asubuhi. Tulimpeleka zahanati kwa bajaji ya Lusubilo. Osea alitufuata kwa miguu, akabaki nje kwenye benchi la saruji, kofia magotini, vile vile kama Jumapili ile ya mabishano.

Mtoto alitoka kabla ya saa sita. Wa kike. Alilia kwa sauti nzito ya babu yake, Tabita nusura amwachie. Na Tumpale, jasho likimtiririka, hakuuliza ni wa kiume au wa kike. Aliuliza, "Vidole?"

"Vyote," Tabita akasema. "Kumi juu, kumi chini."

Nilitoka mbio. Na mimi, miaka yote hii nimesema uongo kwa uso mkavu kama ubao, siku hiyo nilikuwa na ukweli mdomoni na kicheko kilinishinda. Kilitoka chenyewe, na machozi.

"Shemeji! Mzima! Vidole kumi na kumi! Msichana!"

Osea alinitazama. Akatazama meno yangu yaliyobaki. Akatikisa kichwa.

"Unacheka," akasema.

"Nacheka kwa furaha, jamani!"

"Unacheka, shemeji."

Niliapa kwa kaburi la kaka yake. Akasema hilo kaburi nalo ameshalilimia. Nikamwita Tabita aje kushuhudia. Tabita akatokea mlangoni, naye anacheka, kwa sababu mtoto alikuwa amemkojolea. Nikaona hapa tutakaa mpaka mtoto aolewe.

Basi sikusema tena. Nikaingia, nikamwomba Tumpale, nikamchukua mtoto na khanga yake, nikamweka kwenye magoti ya Osea, juu ya kofia.

Hakumshika mara moja. Alikaa mikono juu kama mtu aliyekamatwa. Kisha akafunua khanga kidogo, upande wa mkono wa kulia, akashika kidole gumba kwa vidole vyake viwili vilivyopasuka kwa jembe. Akaanza kuhesabu kwa Kinyiha. Akahesabu mkono huo, akahesabu wa pili. Akafunika, akafunua miguu, akahesabu. Akarudia mikono. Mara ya tatu nilitaka kusema neno, nikalimeza. Mama mmoja wa foleni, niliyemwona akihesabu pamoja naye kwa midomo, alifika kumi kabla yake.

Alipoinamia kidole cha mwisho mara ya nne, mtoto alimpiga teke la kidevu. Osea akacheka. Kikohozi kwanza, kisha kicheko chenyewe, kilekile cha kuangushia mataruma, ambacho mimi nilikisikia kwa masimulizi tu.

Kabla hakijaisha, redio shingoni mwake ikapiga mlio wa saa. Taarifa ya habari. Ndege, mazungumzo, vinu, kurutubisha. Kicheko kikamkatika.

Alishika kitufe cha sauti. Hakuizima. Aliipunguza mpaka ikawa mnong'ono, akamziba mtoto sikio moja kwa kiganja, na la pili akaliegemeza kwenye koti lake.